Damu Katika Chuchu: Picha Hushuku, Hadubini Huthibitisha

Mama wa Bwera au wa Kasese mjini akiona damu ikimtoka katika chuchu, wazo la kwanza ni saratani. Hofu hiyo na imfikishe kwa daktari, lakini isimkatishe tamaa. Mara nyingi chanzo ni papiloma, yaani kinundu chenye vikonyo kiotacho ndani ya mrija wa maziwa, nacho si saratani. Hata hivyo, zipo saratani zenye umbo kama hilo hilo. Yafaa basi tueleze jinsi wataalamu wanavyozipambanua.

Kwanza ni picha. Eksirei ya matiti huweza isionyeshe lolote uvimbe ukiwa mdogo. Altrasaundi huonyesha mrija uliotanuka na kinundu ndani yake. Lakini picha ni kama mpelelezi: hutuambia anayeshukiwa yuko wapi, haituthibitishii ni nani.

Kwa hiyo daktari huchukua vipande vya nyama kwa sindano nene na kuvitia mara moja katika fomalini ya asilimia 10, vikae humo kwa saa 6 hadi 72. Safari ya kutoka milima ya Rwenzori hadi maabara za Mbarara au Mulago ni ndefu. Kipande kilichooza njiani hakitoi ushahidi.

Chini ya hadubini, mrija wenye afya una matabaka mawili ya seli. Papiloma hulihifadhi tabaka la nje katika vikonyo vyake. Katika saratani hupungua au hutoweka. Rangi maalumu inayotafuta protini iitwayo p63 hulidhihirisha.

Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 hutenga papiloma na saratani iliyo bado ndani ya mrija, iliyofungwa kama mfukoni, iliyoshikamana, na inayopenya. Seli geni zisizo kali ndani ya papiloma zikienea chini ya milimita 3, ni onyo. Zikifika 3 au zaidi, ni saratani changa. Ile ya mfukoni, ijapokuwa jina latisha, kwa kawaida hupona ikiondolewa yote.

Jina likizidi ukweli, mama hukatwa titi bure. Likipungua, adui hupewa muda. Taasisi ya Saratani ya Uganda imekuwapo Mulago tangu 1967. Wajibu wetu ni mgonjwa afike mapema, sampuli ihifadhiwe vyema, na majibu yamrudie Bwera.