"Nipe Mji": Lugha na Uzamaji katika Dunia za Kubuni

Katika kitendawili cha Kiswahili mna kipengele ambacho wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kukipita haraka, kana kwamba ni pambo tu la utanzu. Mtegaji husema "Kitendawili!", wenzake hujibu "Tega!", na wakishindwa kutegua huambiwa: "Nipeni mji." Mtoto aliyeketi kando ya moto huko Kasulu, usiku wa kipupwe ambapo baridi ya vilima vya Buha huwasogeza watu karibu, anaweza kumpa mwenzake Kigoma, na Kigoma ikikataliwa, akampa Dar es Salaam nzima. Aliyepewa huupokea mji, husimulia jinsi alivyokwenda huko na kukaribishwa, na baada ya hapo ndipo hutoa jibu. Hakuna anayedai hati ya mji huo.

Kipengele hicho kidogo kinasaidia kueleza jambo ambalo wabunifu wa michezo ya kompyuta wamelihangaikia kwa miongo kadhaa, yaani uzamaji: hali ya mchezaji kujiona yumo ndani ya dunia anayojua fika kuwa ni ya kubuni. Michezo inayohusika hapa ni ile ya uhusika inayochezwa na maelfu ya watu kwa pamoja kupitia intaneti, kila mmoja akiwa amevaa nafsi ya shujaa, mchawi au mhunzi. Ultima Online ilitoka mwaka 1997, na World of Warcraft ikafuata mwaka 2004. Kufikia 2010 mchezo huo wa pili ulikuwa na wanachama wanaolipa zaidi ya milioni 12. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mchezaji huzamishwa na picha na sauti: milima inayong'aa, upepo unaosikika, majani yanayotikisika. Maelezo hayo yana ukweli, ila hayafiki kwenye kiini.

Historia yenyewe inayakanusha. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, alianza kuandika mchezo ulioitwa MUD, ambao baadaye uliendelezwa na mwenzake Richard Bartle. Mchezo huo haukuwa na picha hata moja. Mchezaji alisoma maelezo mafupi ya mahali alipo, akaandika amri ya kwenda kaskazini au kuokota kitu, kisha akasoma kilichotokea. Dunia nzima ilikuwa maneno, na watu walikesha humo. Michezo mikubwa ya leo imetokana na mbegu hiyo. J.R.R. Tolkien, aliyekuwa mwanaisimu kabla ya kuwa mtunzi mashuhuri, alikwishasema katika mhadhara wake wa mwaka 1939 huko St Andrews kwamba msimulizi hodari huumba dunia ya pili, na msikilizaji huiamini maadamu yumo ndani yake.

Neno "ndani" ndilo linalostahili kuchunguzwa, na Kiswahili kina vyombo bora vya kulichunguza kuliko lugha nyingi ambamo michezo hiyo hubuniwa. Nomino "msituni" peke yake haisemi mengi. Upatanisho ndio unaoamua: msituni pana simba, msituni kuna simba, msituni mna simba. Pa- huelekeza kwenye mahali dhahiri panapoonekana au kujulikana. Ku- huashiria upande au eneo lisilo na mipaka bayana. Mu- humtia msikilizaji ndani. (Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya wazungumzaji wengi, hasa wa bara, ku- inaelekea kuwameza wenzake, lakini fanani mzuri akifika penye joka hasemi "kule pangoni" ilhali shujaa ameshaingia. Husema "mle".) Katika Kirundi, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kiha, kazi hiyo hufanywa na viambishi vinavyotangulia nomino: mu nzu, ku musozi. Msikilizaji hujua yuko wapi kabla hata ya kujua ni nyumba au kilima. Haishangazi kwamba ngano nyingi za Kiswahili hufunguliwa kwa mahali, "hapo zamani za kale palikuwa na…", na kwamba jibu la "Paukwa!" ni "Pakawa!", kitenzi ambacho kiima chake ni mahali penyewe. Mahali hutangulia, mfalme na binti yake huja baadaye kukaa hapo.

Tatizo hili humkabili moja kwa moja yeyote atakayetaka kuutia mchezo wa aina hiyo katika Kiswahili. Kiingereza humwambia mchezaji kwa kihusishi kimoja kwamba yuko katika msitu. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuchagua: uko msituni, upo msituni, umo msituni. Akichagua la kwanza kila mara, sarufi haitamlaumu, na mchezaji ataelewa. Lakini atakuwa anaelekezwa kwenye ramani, hajaingizwa msituni.

Kigezo kingine cha uzamaji ni nafsi. Mchezaji ambaye mhusika wake ameuawa na jitu hasemi "mhusika wangu amekufa". Husema "nimekufa", na husema hivyo akiwa amekaa kitini na kikombe cha chai mkononi. Vivyo hivyo aliyepewa mji hasimulii habari za mtu mwingine. Husema "nilikwenda, nikafika, nikakaribishwa", na ile -ka- ya mfuatano humbeba hatua kwa hatua kama inavyombeba msafiri wa kweli. Jina la mji nalo hutendewa kama jina la mahali halisi. Kama vile ambavyo Mswahili hasemi "Kasuluni", mchezaji wa World of Warcraft husema amekwenda Azeroth, bila -ni, bila kulainisha jambo kwa "katika ile dunia iitwayo".

Hata hivyo, sarufi humfikisha mtu mlangoni tu. Kinachomshikilia ndani ni kanuni yenye gharama. Mji wa kitendawili una uzito kwa sababu hutolewa na aliyeshindwa. Ukitolewa bure hauna ladha. Mwezi Septemba 2005 jambo la kufundisha lilitokea katika World of Warcraft. Laana ya damu chafu, iliyokusudiwa kubaki katika pambano moja tu, ilibebwa hadi mijini na wanyama wanaofuatana na wachezaji, ikawa tauni. Wahusika wachanga walikufa papo hapo. Baadhi ya wachezaji walikimbia miji, wengine walibaki kuwatibu wagonjwa, na wengine waliueneza ugonjwa kwa makusudi. Mwaka 2007 Eric Lofgren na Nina Fefferman walichapisha makala kuhusu tukio hilo katika jarida la kitabibu, wakiona humo funzo kuhusu mienendo ya watu wakati wa magonjwa ya mlipuko. Ilikuwa hitilafu ya programu, na picha zilikuwa zilezile za wiki iliyotangulia. Kilichoongezeka ni hasara ambayo hakuna aliyeweza kuikwepa kwa kusema "ni mchezo tu".

Kasulu inalipa suala hili uzito wa pekee. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani humo mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo, na kuanzia 2015 ikapokea maelfu ya Warundi. Vitendawili vya pande kadhaa vilikutana hapo: wa "Kitendawili! Tega!" na wa "Sokwe! Niruze!" wa Kirundi. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu na wazazi waliotoka Uvira, akiomba mji akapewa Uvira, anawekwa katika hali ambayo mchezaji wa Azeroth haijui. Mji uliobuniwa kwake ni mji ulioko kweli, ng'ambo ya ziwa, ambao hajaukanyaga na ambao wazazi wake huutaja kwa wakati uliopita. Kanuni za mchezo humtaka auendee na kusimulia alivyopokelewa.

Swali la kiisimu hapo ni jepesi kuliuliza, na jioni chache za kurekodi zingetosha kuanza kulijibu: mtoto huyo akifika Uvira katika masimulizi yake, husema kule, pale, au mle?