Kipakatalishi na Mtoto Aliye Mbali

Makala haya yanachunguza neno moja na ahadi moja. Neno ni kipakatalishi, lililoundwa kutokana na kitenzi pakata, yaani kuweka mapajani. Na aghalabu apakatwaye ni mtoto. Ahadi ni ile ya muungano wa Jubilee kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, kwamba kila mtoto aingiaye darasa la kwanza katika shule ya umma angepewa kifaa hicho. Je, mtoto alikipakata?

Zabuni ya kwanza ilibatilishwa mwaka 2014. Mradi ulipofufuka mwaka 2016, ukianzia katika shule 150 za majaribio, kipakatalishi cha mwanafunzi kilikuwa kimegeuka kishikwambi. Kazi ilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta, kila kimoja na washirika wa kigeni, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni 1 vilisambazwa. Si haki kuubeza mradi mzima. Kwa sababu yake, shule nyingi zilizo mbali na nyaya za umeme, hasa kaskazini mwa nchi, ziliwekewa umeme wa jua.

Tatizo, kwa maoni yangu, lilikuwa la umiliki. Nicholas Negroponte wa Marekani, aliyeasisi mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto mwaka 2005, alishikilia kwamba kifaa kiwe cha mtoto mwenyewe, aende nacho nyumbani. Kwetu kilikuwa mali ya shule. Kwa hofu ya wizi (na hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwani mwalimu mkuu ndiye angeulizwa), kilitiwa chini ya kufuli, na mtoto akakipata kwa zamu. Kisha ikaja Machi 2020. Korona ilipofunga shule, masomo yalipeperushwa kwa redio na runinga. Mtoto alikuwa nyumbani. Kishikwambi chake kilikuwa kabatini.

Aidha, tusidhani kwamba aliye mbali ni wa Turkana au Marsabit pekee. Abiria wa matatu namba 46 huondoka katikati ya jiji, iliko Jogoo House, makao ya Wizara ya Elimu, akafika Kawangware kabla hajamaliza kusoma gazeti, foleni ikimruhusu. Huko, kama Kangemi, shule za umma hazitoshi, na watoto wengi husomea katika shule ndogo za watu binafsi au za kijumuiya, baadhi zikiwa za mabati. Mradi ulihusu shule za umma tu. Hivyo, mtoto wa shule ya umma ya Lodwar alihesabiwa, ilhali huyu wa Kawangware, aishiye kilomita chache tu kutoka wizarani, hakuwamo hata katika orodha ya zamu.