Jirani alikufa, hatukujua kwao wapi!

Kama uko kibarazani unakunywa chai ya rangi, au umebanwa kwenye daladala la Mbagala huku konda anakwambia sogea nyuma, vuta subira unisikilize. Leo sina habari za nani kamwacha nani. Nataka nikupe mkasa wa mtaa wetu, maana mengine yalinifika mwenyewe na mengine, Mungu anisamehe, niliyasababisha kwa mikono yangu.

Mimi ni fundi simu. Mwaka 2016 nilihamia Tandale, hapa hapa Dar es Salaam, kwenye nyumba ya vyumba nane, choo kimoja, na ugomvi wa luku kila mwisho wa wiki. Kila mtu na mlango wake. Salamu zetu ni "mambo?", "poa", basi, umemaliza.

Chumba cha mwisho, karibu na choo, alikaa mshikaji mmoja mpole aliyekuwa akibeba mizigo sokoni. Yeye alituita sote "jirani", nasi tukamwita hivyo hivyo, Jirani. Siku moja mlango wake haukufunguliwa. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu, mwenye nyumba akaita polisi, mlango ukavunjwa. Sina haja ya kukueleza tulichokikuta.

Askari akauliza swali dogo tu: "Huyu kwao wapi?" Mmoja akasema Kigoma. Mwingine akasema Tabora. Dada wa chumba cha tatu akaapa kwamba ni Msingida. Watu wa nyumba moja, tuliokaa naye mwaka mzima, tukatoa mikoa mitatu! Kilichoniuma zaidi ni kwamba miezi miwili kabla nilimtengenezea simu yake. Namba ya mama yake ilikuwa mkononi mwangu, na sasa simu yenyewe imekufa chaji, ina namba ya siri, hakuna anayeijua.

Jirani akakaa mochwari mpaka muda ukaisha, akazikwa na manispaa. Wiki chache baadaye akaja mama mmoja, khanga mbili na mfuko wa rambo, katokea bara. Akauliza: "Nani alimwosha mwanangu?" Wote tukaangalia chini.

Hapo ndipo tulipoamua. Vijana wanne wa kijiweni, mimi nikiwa mbele, tukasema mtaa huu lazima ujuane. Tukaanza majaribio, na kwa kweli tulivurunda mpaka basi. Ndiyo maana nakuandikia, ili wewe usirudie.

JARIBIO LA KWANZA: GRUPU

Fundi simu akipewa tatizo, dawa yake ni simu. Nikafungua grupu la WhatsApp. Wakati huo grupu moja lilikuwa halizidi watu 256, na ndani ya wiki moja tayari nilikuwa na 140. Nikajiona bab kubwa! Nikitembea mtaani watu wananiita "admini".

Mwezi haukuisha. Kukawa na matangazo ya viatu, sala za "tuma kwa watu kumi upate baraka", Simba na Yanga, na picha za saa sita usiku ambazo siwezi kuzieleza kwenye gazeti hili. Watu wakazima mlio. Usiku mmoja, saa 8, mama wa nyumba ya bluu akaandika kwamba mtoto wake ana degedege, anaomba mwenye bodaboda. Ujumbe wake ukafunikwa na mabishano ya mechi. Hakuna aliyeuona mpaka asubuhi.

Mtoto alipona. Aliyemsaidia ni bibi mmoja muuza vitumbua, ambaye simu yake ni ya tochi. Alisikia kilio kupitia ukutani, akatoka na khanga yake, akamwamsha kijana wa bodaboda kwa kugonga dirisha. Kesho yake akapita kijiweni, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, hilo grupu lenu lina masikio?" Sikuwa na jibu.

JARIBIO LA PILI: MFUKO

Tukasema labda watu wanahitaji faida. Tukaanzisha mfuko wa maafa, kila nyumba shilingi 1,000 kwa wiki. Mweka hazina tukamchagua kijana mwenzetu, msomi, nguo zimepigwa pasi, Kiingereza kama maji. Pesa zikakaa kwenye simu yake. Baada ya miezi mitatu zilikuwa laki sita na ushee. Ukafika msiba wa kwanza, tukamwendea. Chumba kitupu. Jamaa alishalala mbele!

Sasa angalia jambo hili. Nyuma ya nyumba yetu kina mama kumi walikuwa wanacheza upatu kwa miaka mingi, na hakuna senti iliyowahi kupotea. Nikawauliza siri yenu nini? Mmoja akacheka: "Sisi pesa hailali. Tunakusanya saa 10, saa 11 ishampata mwenye zamu yake, na wote tunaona." Msomaji wangu, nilidhani tatizo letu ni kumwamini mwizi. Kumbe tatizo ni kumpa mtu mmoja, awe mzuri awe mbaya, jaribu kubwa la kukaa nalo peke yake usiku.

JARIBIO LA TATU: ULINZI

Hili ndilo naona aibu kulieleza, lakini nisipolieleza nitakuwa nimekudanganya.

Tulikuwa tumeibiwa televisheni mbili na mtungi wa gesi. Tukakubaliana kwamba anayemwona mwizi arushe kwenye grupu. Usiku mmoja nikiwa narudi, nikamwona kijana nisiyemjua amechuchumaa nyuma ya nyumba ya yule bibi wa vitumbua, anachungulia dirisha. Nikampiga picha. Nikaandika maneno mawili tu: "Mwizi huyu."

Grupu ambalo lilishindwa kumsikia mama mwenye mtoto mgonjwa, siku hiyo lilisikia fasta! Hazikupita dakika tano, wakaja watu na fimbo, matofali, na mmoja kabeba tairi. Kijana anajieleza, hakuna anayesikiliza. Bibi alipotoka na kulala juu yake, tayari alikuwa amepoteza meno mawili.

Alikuwa mjukuu wake. Kaingia kutoka Tanga kwa basi lililochelewa, anatafuta dirisha la bibi yake ili amgongee bila kuamsha nyumba nzima.

Miaka yote nimesoma magazetini kuhusu "wananchi wenye hasira kali", nikidhani ni watu wengine, wa mitaa mingine. Kumbe ni sisi. Kumbe ni mimi. Nilichukua wazee wawili nikaenda kuomba radhi. Bibi hakunitukana. Alisema tu: "Ungeniuliza mimi. Ningekwambia ni mjukuu wangu." Gharama za hospitali nililipa kwa miezi minne, lakini meno hayarudi.

MZEE ANATUPA DARASA

Nilitaka kuachana na mambo yote. Aliyenizuia ni mzee mmoja aliyewahi kuwa mjumbe wa nyumba kumi enzi za chama kimoja. Akanikalisha chini.

Akaniambia utaratibu wa nyumba kumi uliletwa na TANU miaka ya 1960. Mjumbe alijua nani kazaa, nani mgonjwa, nani kaleta mgeni. Mgeni akilala, mjumbe anaarifiwa. "Ulikuwa na raha yake na karaha yake," akasema. "Raha ni kwamba hakuna aliyekufa bila kujulikana. Karaha ni kwamba hata ukikohoa chama kinajua." Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mjumbe akabaki wa chama kimoja kati ya vingi, na wa vyama vingine wakaona hawana sababu ya kumpa habari zao. Serikali ya mtaa ikabaki na mwenyekiti wake, lakini mtaa mmoja una watu maelfu. Mwenyekiti atamjua nani?

Wakenya nao walilichukua jina hilo hilo. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, serikali yao ikahimiza nyumba kumi kwa ajili ya usalama, na baadhi ya watu wakalalamika kwamba ni kufanywa wapelelezi wa majirani zao. Na huku kwetu, sungusungu walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Usukumani na Unyamwezini walitisha kweli wezi wa ng'ombe, lakini nao walikuwa na wakati wao wa kuwabebesha watu tuhuma, hata za uchawi. Mzee akamaliza: "Mkianza na kumtafuta adui, mtampata tu, hata kama hayupo. Anzeni na kutunzana."

JARIBIO LA NNE: DAFTARI

Tukaanza upya, safari hii kwa kaunta buku. Tuligawa eneo letu makundi saba, kila kundi nyumba saba. Kila kundi likachagua mshika daftari wake, na karibu wote walikuwa kina mama, maana wao ndio wanaoshinda nyumbani. Kila mtu karatasi moja: jina, kwao wapi, nani apigiwe simu likitokea la kutokea, na kama ana ugonjwa au ulemavu wa kujulikana. Karatasi inakunjwa, inapigwa pini, haifunguliwi mpaka iwepo dharura na wawepo watu watatu. Asiyetaka hakulazimishwa. Mwenyekiti wa mtaa tukamwarifu, akabariki.

Grupu halikufa, lilifungwa breki. Wa kutuma ni wale washika daftari saba tu, na picha ya mtu ni marufuku. Mwenye shida usiku hagusi grupu kwanza, anagonga mlango.

Kingine kilichotuunganisha, usicheke, ni mtaro. Kila Jumapili asubuhi tunazibua mtaro, halafu dakika 15 za kuongea. Mkutano mtupu ungekosa watu, lakini maji kila mtu anayaogopa. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliwahi kupita Tandale pamoja na wakazi wakichora ramani, na mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ukachora mitaa mingi ya jiji hili inayofurika. Ramani hizo ziko wazi kwa kila mtu, tukazitumia kujua mtaro wetu unaelekea wapi.

Ikaja Aprili 2018. Nadhani unakumbuka zile mvua. Saa 9 usiku Mto Ng'ombe ukajaa, maji yakaingia ndani. Wenyeji walikuwa bado na picha ya Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 40 jijini. Mshika daftari wa kundi la nne akagonga dirisha langu: "Nyumba ya tatu kuna mzee kapooza, mwanawe yuko safari." Nilipita pale kila siku, sikuwahi kujua kama kuna mzee ndani!

Tulimbeba juu ya ubao wa mlango, maji kiunoni. Upande mmoja nilishika mimi. Upande wa pili alishika yule mjukuu wa bibi, mwenye pengo nililompa mimi. Hakusema neno, nami sikusema. Kulipokucha kila kundi likahesabu watu wake. Wote tulikuwepo. Magodoro na televisheni vilikwenda na maji, ila watu wote walikuwepo.

NILIYOJIFUNZA

1. Anza na wachache. Nyumba saba zinajuana, watu 140 wanapigizana kelele.

2. Simu isaidie miguu, isichukue nafasi yake. Hata Kanada iko hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti Keith Hampton na Barry Wellman walichunguza kitongoji kipya karibu na Toronto, walichokiita Netville, ambako baadhi ya nyumba ziliunganishwa kwa intaneti ya kasi. Waliounganishwa waliwajua majirani kwa majina kama mara tatu ya wenzao, na hawakuishia kwenye kompyuta. Walitoka nje wakakutana, na walipokuwa na malalamiko juu ya nyumba zao wakambana mjenzi kwa pamoja.

3. Pesa ya wote isilale kwa mmoja. Waulize kina mama wa upatu.

4. Usimtangaze mtu. Kagonge mlango, uliza kwanza.

5. Tafuta kazi moja ya mikono inayomhusu kila mtu. Kwetu ni mtaro, kwenu labda ni taka au taa.

Sikudanganyi kwamba sasa ni peponi. Luku bado tunagombana, na kundi la sita kila mara linakosa wa kushika daftari. Lakini ukifungua ukurasa wa kwanza wa lile kaunta buku, kuna jina moja juu kabisa na jina la kijiji chake. Bibi ndiye aliyeagiza liandikwe kabla ya mengine yote, na mama yake ndiye aliyetutajia kabla hajapanda basi. Ni Jirani. Wala hakuwa wa Kigoma, Tabora wala Singida.

Haya, msomaji wangu, funga gazeti. Yule wa chumba cha pili kutoka kwako, unayempa "mambo" kila asubuhi, kwao wapi? Kama hujui, kamuulize leo hii, kesho mbali.