Mwili Haupunguzwi kwa Pupa

Katika miji yetu imezuka biashara ya chai na vidonge vinavyosifiwa kwamba vyaweza kumpunguza mtu kilo kumi kwa wiki mbili. Wanunuzi si matajiri peke yao. Wamo makarani, madereva na wafanyakazi wa viwandani, watu wanaoitolea jasho kila shilingi. Sisi twaona yafaa kusema waziwazi juu ya jambo hili, kwa maana afya ya mfanyakazi ndiyo mali yake ya kwanza.

Zamani kitambi kilihesabiwa kuwa dalili ya neema. Leo twajua vingine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2022 mtu 1 katika kila watu 8 duniani alikuwa na unene wa kupita kiasi; na unene huo hufuatana na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Basi anayetaka kupungua hakukosea. Kosa lake ni kutaka unene wa miaka kumi uondoke kwa siku kumi.

Mwenye kujinyima chakula ghafla huona mizani ikishuka upesi akafurahi. Lakini sehemu kubwa ya kilo za siku za kwanza ni maji tu. Akiendelea, hupoteza mafuta pamoja na nyama ya misuli, nayo misuli ndiyo chombo cha kazi cha mchukuzi na mkulima. Tena kupungua kwa kasi mno huweza kuleta mawe katika kifuko cha nyongo. Mwili nao hujihami: njaa huzidi, na nguvu unazotumia hupungua. Siku mtu huyo akirudia sahani yake ya zamani, kilo nazo hurudi.

Madaktari hushauri mwendo wa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Wala si lazima mtu awe mwembamba kama unyasi ndipo apate faida. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 5 tu, shinikizo la damu na sukari yake huweza kuteremka.

Ushahidi upo. Huko Marekani watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupatwa na kisukari walichunguzwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2002. Waliofundishwa kula kwa kiasi na kutembea dakika 150 kwa wiki, wakikusudia kupunguza sehemu 7 katika 100 za uzito wao, walipungukiwa na hatari ya kisukari kwa sehemu 58 katika 100. Waliopewa vidonge vya metformini walipungukiwa kwa 31. Miguu na sahani zilishinda dawa!

Njia hii haina gharama kubwa. Sukari ipunguzwe katika chai, soda iachwe, maji yanywewe. Ugali au wali upungue, mboga na maharage viongezeke. Anayekaa ofisini kutwa na atembee nusu saa, siku tano kwa wiki. Lakini anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu amwone daktari kwanza, kwani huenda kipimo cha dawa kikahitaji kubadilishwa.

Hata hivyo, hatumwachii mtu mmoja mzigo wote. Mwajiri anayewauzia wafanyakazi wake soda na chipsi tu hana haki ya kulalamika wakiugua. Matawi yetu nayo yalinde viwanja vya michezo visigeuzwe kuwa maduka.

Ndugu wafanyakazi, wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kilichojazwa haba na haba hupunguzwa vivyo hivyo. Shime, tuanze leo, na tusichoke njiani.