Mbabula Hailali na Watu: Tutengeneze Nyumba Kabla ya Baridi

Ndugu wafanyakazi,

Mvua za mwisho zikikatika huku Katanga, wengi wetu hufurahi. Matope yamekauka na njia ya kwenda kazini imekuwa nzuri. Lakini kiangazi chetu kina baridi ndani yake. Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba mbingu hazina mawingu, na joto lote ambalo ardhi imelipata mchana huondoka usiku. Alfajiri, wakati wa kujitayarisha kwa zamu ya kwanza, hewa huweza kushuka chini ya digrii 10. Mwenye mabati juu na saruji tupu chini hahitaji kuelezwa.

Nataka kuwasimulia jambo nililoliona mwenyewe nilipokuwa kijana, mwaka wangu wa pili kazini.

Tulikuwa na mwenzetu katika karakana, mtu hodari asiyekosa zamu hata siku moja. Nyumba yake ya kambi haikuwa na dari, na dirisha lilikuwa limevunjika. Alikuwa ameomba litengenezwe tangu wakati wa mvua. Aliambiwa angoje. Baridi ilipofika, alifunika dirisha kwa nailoni na kuziba mlango kwa gunia. Jioni moja mimi mwenyewe nilimsaidia kubeba mfuko wa makaa hadi kwake. Nikamwambia, "Leo utalala vizuri, kaka." Akacheka.

Asubuhi hakuja kazini. Tulipovunja mlango tulimkuta kitandani, yeye na mkewe, na mbabula kati ya kitanda na ukuta, majivu yake bado yana joto. Mke alitolewa nje, akapelekwa hospitali, akapona. Mume hakuamka tena.

Halafu yakaanza maneno. Hapakuwa na jeraha, hapakuwa na homa, basi watu wakasema ni uchawi. Jirani yake, mzee mmoja aliyekuwa amegombana naye juu ya maji ya bomba, alitaka kuchomewa nyumba. Ni muuguzi wa zahanati aliyesimama mbele ya watu na kusema: "Mzee huyu hana kosa. Mtu huyu ameuawa na mbabula." Kama asingesema, tungezika watu wawili.

Ndugu, tufahamu vizuri alivyotufundisha yule muuguzi. Makaa yakiwaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta, inashikamana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni, zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa ya kuishi. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kutapika, na miguu kukosa nguvu. Aliye usingizini hasikii hata moja ya dalili hizo.

Wako wanaosema makaa yakishakuwa mekundu bila moshi hayana hatari. Si kweli. Wengine huweka sufuria ya maji kando ya mbabula ili maji yanywe sumu. Hiyo pia si kweli, maji hayaizuii. Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango na madirisha, mtoe nje mara moja kwenye hewa safi, umkimbize hospitali. Usikae ndani kuuliza maswali, utaanguka wewe pia.

Basi tufanyeje, tufe kwa baridi? Hapana. Tuitengeneze nyumba mapema, mwezi wa nne na wa tano, ili usiku tusihitaji moto ndani.

Kwanza, ukuta. Upepo wa kiangazi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo anza na nyufa za upande huo. Udongo wa kichuguu, ambao tunafyatulia matofali, ukikandwa na mchanga kidogo unaziba vizuri na haugharimu kitu. Weka kioo au ubao penye dirisha lililovunjika. Chini ya mlango weka gunia lililokunjwa. Lakini matundu ya hewa yaliyo juu, karibu na paa, usiyazibe kamwe.

Pili, juu. Joto hupanda na kutokea kwenye mabati. Dari ya mikeka au ya mbao inalizuia, tena inazuia yale matone ya asubuhi yanayotuangukia mabati yakipoa. Kama jiko liko ndani ya nyumba hiyo hiyo, usitandike mikeka juu yake, itashika moto.

Tatu, kitanda. Kisogeze mbali na ukuta wa nje na utandike mkeka chini ya godoro. Blanketi zianikwe juani mchana. Miezi hii jua hupita upande wa kaskazini, basi fungua madirisha ya upande huo adhuhuri, jua liingie, na uyafunge kabla halijatua.

Mbabula ipikiwe nje. Wakati wa kulala ibaki nje, hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Tuwafundishe watoto wetu maneno haya: mbabula hailali na watu.

Wenzetu wa mashamba ya chai katika milima ya Kivu, ninyi baridi yenu ni ya mvua na nguo zilizoloa. Sumu ya makaa ni ile ile.

Kazi ya nyumba moja humchosha mtu mmoja, lakini watu sita wanaimaliza Jumapili moja. Tufanye zamu, nyumba kwa nyumba, tukianza na za wajane na wagonjwa.

Lakini udongo wa kichuguu hauwezi kuchukua mahali pa wajibu wa mwajiri. Kanuni ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri ampe nyumba inayofaa mfanyakazi aliyemhamisha au kumwajiri mbali na mahali pa kazi, pamoja na jamaa yake, au amlipe posho ya nyumba. Shirika la Kazi la Kimataifa nalo lilitoa Pendekezo namba 115 juu ya nyumba za wafanyakazi mwaka 1961. Kwa hiyo wajumbe wapite kambini mwezi wa nne, waandike kila dirisha na kila paa bovu, wapeleke orodha kwa mwajiri, na nakala yenye tarehe ibaki chamani. Ombi la mtu mmoja hulala katika meza. Orodha ya kambi nzima haisahauliki upesi.

Yule mwenzetu aliomba peke yake. Sisi tulikuwa tunajua, tukanyamaza. Tusinyamaze tena.

Umoja ni nguvu.