Onyo la Kigeu Kisichotumika: Je, Ukifute?

Unapokompaili programu ya C kwa GCC ukiwa umeweka -Wall, kompaila hukagua msimbo wako bila kuuendesha. Huo ndio uchanganuzi tuli. Miongoni mwa inavyovitafuta ni vigeu ulivyovitangaza kisha hukuvitumia. Mara nyingi onyo ni la kweli: umekosea tahajia ya jina, au umesahau mstari. Lakini lipo pia onyo la uongo. Tazama:

int tokeo = fclose(faili);
assert(tokeo == 0);

Mstari wa kwanza hufunga faili. Fclose hurudisha 0 ikifaulu. Wa pili hukagua thamani hiyo, na isipokuwa 0 programu husimama. Kigeu tokeo kimetumika, tena waziwazi. Sasa ongeza -DNDEBUG, kama wafanyavyo wengi wakiandaa programu ya kumkabidhi mtumiaji. Kompaila italalamika kwamba tokeo hakitumiki! Sababu ni kwamba assert si funksheni bali ni makro, na NDEBUG ikiwepo, makro hiyo hugeuzwa kuwa ((void)0), yaani kitu kisichofanya lolote, kabla msimbo haujachambuliwa. Kinachofika kwenye uchambuzi ni mstari wa kwanza peke yake.

Ukiulizwa, usijibu tu kwamba "kompaila imekosea". Taja makro na NDEBUG. Wala usiseme utafuta mstari. Ukiufuta, fclose nayo imeondoka: faili halifungwi pale ulipokusudia, na programu ikikatika ghafla, data iliyokuwa ikisubiri kuandikwa inaweza kupotea. Zaidi ya hayo, bila -DNDEBUG msimbo hautakompailika, kwa kuwa assert itatafuta tokeo na kukikosa.

Dawa nyepesi ni kuongeza (void)tokeo. Chini ya assert. Kuweka -Wno-unused-variable ni uvivu, maana huficha na maonyo ya kweli. Kwa mfano huu hasa, if ni bora kuliko assert: diski inaweza kumjalia mtumiaji wakati wowote, na ukaguzi huo haupaswi kutoweka siku ya kukabidhi programu.

Zoezi: Mwanafunzi ameondoa kigeu na kuandika assert(fclose(faili) == 0); na onyo limetoweka. Eleza faili litapatwa na nini akikompaili kwa -DNDEBUG.