Upande wa Meru Usioonekana Mjini

Familia nyingi za Arusha zikipanga matembezi ya mwisho wa wiki huanza kwa kuhesabu wanyama, na kwa hesabu hiyo Hifadhi ya Taifa ya Arusha hushindwa mapema, kwa sababu haina simba. Kipimo hicho kinawanyima watoto jambo ambalo Serengeti haiwezi kuwapa: kuujua mlima wanaoishi chini yake. Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, umeupa mji mgongo. Anayeutazama kutoka Mnara wa Saa huona pia iliyokamilika. Lakini ukikata kona Usa River, ukapita lango la Ngongongare hadi Momella, unakuta ubavu wa mashariki haupo kabisa. Uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, ukaacha bonde lililo wazi upande mmoja, ukuta wa mwamba unaokaribia mita 1,500 kwenda juu, na katikati yake kilima cha majivu kilichoota baadaye. Mara ya mwisho mlima huu kulipuka ilikuwa mwaka 1910, tena kidogo tu; umelala, haujafa.

Kifusi cha poromoko hilo ndicho unachopita juu yake ukiwa ndani ya gari. Vile vilima vidogo vya Momella ni mabonge ya mlima, na maji yaliyotuama kati yake ndiyo maziwa. Kila ziwa lina kiasi chake cha chumvi na mwani wake, ndiyo maana rangi zinatofautiana na heroe hujaa hapa wakaacha pale. Miamba hiyohiyo ina floraidi nyingi, na maji yakipenya ndani yake huichukua. Mtoto wa Meru mwenye meno ya kahawia hakukosa mswaki. Alikunywa maji hayo wakati meno yake yakiota. Sioni darasa linaloweza kumweleza hayo vizuri kuliko kusimama ukingoni mwa Momella Kubwa huku ukuta wa mlima ukiwa mbele yake.

Wapo watakaosema hifadhi ni za wageni, na kwamba mtoto hatajali habari za miamba. La kwanza lina uzito, ila si kwa kiingilio: Mtanzania hulipa kwa shilingi, tena kiwango kilicho chini sana ya cha mgeni. Gharama hasa ni gari, na familia mbili zikichangia Noah moja mzigo hupungua. La pili sikubaliani nalo. Hapa inaruhusiwa kutembea kwa miguu ukiongozwa na askari mwenye bunduki, hadi maporomoko ya Tululusia, nyati wakiwatazama kutoka uwandani na mbega wakiruka juu ya miti. Mtoto aliyetembea hivyo huuliza maswali mwenyewe. Kreta ya Ngurdoto, iliyoanzisha hifadhi hii mwaka 1960 kabla mlima haujaongezwa 1967, hutazamwa kutoka ukingoni tu. Iacheni iwe ya mwisho.

Ondokeni alfajiri, kwa kuwa mawingu huufunika ukuta mapema. Na mkirudi nyumbani kumbukeni kwamba kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Kwa watoto ambao meno yao bado yanaota, tafuteni chanzo kilichopimwa au maji ya mvua.